Friedrich Fröbel, Mzee Aliyecheza na Watoto

Tumezoea kusoma katika jarida letu habari za wafalme, majemadari, wasafiri na wavumbuzi wa mitambo. Leo naomba nafasi niwasimulie maisha ya mtu ambaye hakushinda vita wala hakutawala hata kijiji kimoja. Kazi iliyompa jina duniani ilikuwa kuimba na kucheza na watoto wadogo, watoto ambao hata kufunga vifungo vya mashati yao hawajui. Jina lake ni Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefariki mwaka 1852. Lakini kabla sijaanza, sharti niungame kwa nini nimemchagua yeye, maana nina deni la kulipa.

Shangazi yangu ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya kijijini kwetu. Likizo iliyopita mama alinituma nimpelekee ufunguo aliousahau nyumbani. Nilimkuta amesimama katikati ya duara la watoto wapatao arobaini, kitenge amekifunga kiunoni, anaimba kwa sauti kubwa na kupiga makofi. Mtoto aliyetajwa aliingia katikati, na wenzake wakalipigia jina lake makofi, kipande kwa kipande: Juma makofi mawili, Halima matatu. Baada ya majina yakaja maneno mengine: papai makofi matatu, maji mawili, na mtu mawili pia. Kisha akawataka wafumbe macho na kunyamaza kimya, halafu kila mmoja ataje sauti aliyoisikia. Huyu alisikia jogoo, huyu kengele ya baiskeli, yule mchi ukitwanga kinuni. Mimi nilisimama mlangoni nikicheka. Niliona ni aibu mtu mzima, tena aliyesomea ualimu, kushinda asubuhi nzima akifanya mchezo.

Siku chache baadaye palikuwa na mkutano wa wazazi, nami nikahudhuria kwa niaba ya baba. Mzazi mmoja alisimama akalalamika kwamba mwanawe ana miezi sita shuleni na bado hajaandika hata mstari mmoja. Kuimba angeweza kuimba nyumbani bila sare wala viatu. Alitaka nyimbo zikomeshwe na kila mtoto apewe daftari na kalamu. Wengi walimwunga mkono, na mwingine akasema kwamba mambo yakiendelea hivyo atamwondoa bintiye. Shangazi alieleza kidogo, lakini maneno yake yalimezwa na kelele. Mwisho aliomba apewe muda mpaka mwisho wa mwaka, ndipo wapime wenyewe. Wakakubali kwa shingo upande. Nami, nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, sikufungua kinywa. Kwa kweli moyoni nilikuwa upande wa wale wazazi.

Niliporudi shuleni nilimsimulia mwalimu wetu mmoja kisa kile kama mzaha. Hakucheka. Aliingia ndani akaniletea kitabu kikuukuu cha historia ya malezi, akaniambia nisome sura ya Fröbel kisha nirudi nicheke tena kama nitaweza. Nilisoma sura ile mara mbili, nikatafuta na vitabu vingine. Haya ndiyo niliyoyapata.

Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima yenye misitu ya Thuringia. Siku zile Ujerumani haikuwa dola moja, bali ilikuwa imegawanyika katika tawala nyingi kubwa na ndogo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye usharika mpana, hata hakupata nafasi ya kukaa na wanawe. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miezi tisa tu, akaachwa katika mikono ya watumishi na ndugu zake wakubwa. Baba alipooa tena, mama wa kambo alimpenda kwanza; lakini alipojifungua mwanawe mwenyewe, mapenzi yakahama. Hata namna ya kumsemesha ikabadilika. Aliacha kuzungumza naye kama mama na mwana, akamsemesha kama mtu asemavyo na mtumishi. Wahenga husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu ulimwengu ulianza kumfunza mapema mno.

Baba yake alijaribu kumfundisha kusoma, akaona kichwa chake ni kizito. Akampeleka katika shule ya kijiji, wala si kwa wavulana, bali upande wa wasichana. Huko ndiko mtoto yule mpweke alikokutana na kitu kilichomgusa. Kila asubuhi wasichana waliimba tenzi za kanisani, na nyimbo mbili kati ya zile zilimwingia moyoni zisitoke tena. Alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba ziliendelea kumfariji katika taabu zake zote. Natia mkazo hapa, kwa sababu kitabu cha kusoma hakikumfungua mtoto huyu; wimbo ulimfungua.

Alipotimiza miaka kumi, mjomba wake aliyekuwa mkuu wa kanisa katika mji wa Stadtilm alimhurumia akamchukua. Kwa muda wa kama miaka mitano aliishi humo kwa upendo, akaenda shule pamoja na wavulana wenziwe, akakimbia na kucheza uwanjani. Mwanzoni hakuwa na nguvu za kutosha kuwafuata wenzake katika michezo, lakini polepole mwili wake ulikomaa. Hivyo alionja malezi ya namna mbili: nyumba yenye ubaridi na nyumba yenye furaha. Hakusahau tofauti yake.

Sitakawia sana katika ujana wake, maana ulikuwa wa kutangatanga. Mwaka 1797 aliwekwa chini ya bwana misitu ili ajifunze kazi ile. Bwana huyo hakuwa na muda naye, lakini kijana akajifunza mwenyewe habari za miti na hesabu. Mwaka 1799 alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Jena. Fedha zikamwishia, akafungwa wiki tisa katika gereza la chuo kwa sababu ya deni, akarudi nyumbani amefedheheka. Baadaye alifanya kazi za ukarani na za upimaji wa mashamba. Mwaka 1805 alifika Frankfurt akikusudia kusomea usanifu wa majengo. Huko akakutana na mkuu wa shule moja aitwaye Gruner, ambaye alimtazama, akazungumza naye, akamshauri aache kujenga nyumba awe mwalimu. Fröbel aliposimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, alijiona kama mtu aliyefika kwao baada ya safari ndefu. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Mwaka ule ule alikwenda Uswisi, katika mji wa Yverdon, kumtazama Pestalozzi, mwalimu aliyekuwa na sifa kubwa Ulaya nzima. Akarudi tena mwaka 1808 akakaa huko mpaka mwaka 1810. Kwa Pestalozzi alijifunza kwamba mtoto huanza kujua kwa macho, masikio na mikono yake kabla ya kujua kwa maneno ya kitabu, na kwamba mwalimu wa kwanza wa binadamu ni mama. Neno hili la pili lilimkaa rohoni. Yeye ambaye hakumjua mama yake alitumia maisha yake yote kuwafikirisha watu juu ya kile mama ampacho mtoto.

Baada ya hapo alisoma elimu ya mawe na madini huko Göttingen na Berlin. Vita dhidi ya Napoleon vilipozuka mwaka 1813 alijitolea kuwa askari. Jeshini alipata rafiki wawili, Langethal na Middendorff, ambao walikuja kuwa wenzake katika kazi. Vita vilipokwisha alipewa kazi nzuri Berlin katika makumbusho ya madini, kazi yenye mshahara na heshima. Lakini kaka yake mmoja alikuwa amekufa kwa homa aliyoipata akiwauguza askari, akaacha mjane na watoto. Mwaka 1816 Fröbel aliacha kazi yake, akaenda katika kijiji cha Griesheim akafungua shule ya wanafunzi watano tu, wote wana wa ndugu zake. Mwaka uliofuata shule ikahamia Keilhau.

Shule ya Keilhau ilikua mpaka ikawa na wanafunzi wapatao sitini. Mwaka 1826 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya malezi ya mwanadamu. Katika kitabu hicho alifundisha kwamba kuimba na kuchora si pambo la kujazia wakati uliobaki baada ya masomo. Vitu hivi vyafaa vifundishwe mapema na kwa dhati kama masomo mengine. Wala shabaha si kumfanya kila mtoto awe msanii, bali kila mtu aweze kukua mzima, na aweze kuelewa uzuri wa kazi za wengine. Kitabu kile kilikuwa kizito kusoma, na walionunua hawakuwa wengi. Wakati huo huo watawala walianza kuishuku shule yake kwamba inaotesha fikira za uasi. Mkaguzi alitumwa, akaandika taarifa ya kuisifu. Hata hivyo wazazi waliogopa, wakawaondoa watoto wao, na shule ikabaki na wanafunzi wachache sana. Niliposoma habari ya wazazi kuondoa watoto, nilimkumbuka shangazi, nikaacha kusoma kwa muda.

Mwaka 1831 Fröbel alikwenda tena Uswisi, akafundisha huko kwa miaka kadhaa. Mwaka 1835 alikabidhiwa nyumba ya mayatima katika mji wa Burgdorf. Hapo ndipo alipoona jambo lililobadili maisha yake. Watoto walipofika shuleni wakiwa na miaka sita au saba, wengi walikuwa tayari wameharibika au wamedumaa: hawajui kusikiliza, hawajui kutazama, hawajui kukaa na wenzao. Akatambua kwamba nyumba ya elimu ilikuwa ikijengwa kuanzia ukutani, msingi wake umesahauliwa. Tangu siku hizo hakutafuta tena sifa ya shule kubwa. Alishuka chini kwa watoto wa miaka mitatu, minne na mitano.

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 55, alirudi Thuringia akakaa katika mji mdogo wa Blankenburg. Akaanza kutengeneza vitu vya kuchezea alivyoviita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira sita midogo ya sufu yenye rangi mbalimbali. Ya pili ilikuwa tufe, mcheduara na mchemraba wa mti. Zilizofuata zilikuwa michemraba iliyokatwa vipande ambavyo mtoto aliweza kuvitenganisha na kuvijenga upya. Kwetu sisi tunaofahamu hesabu, ni rahisi kuona kwamba mtoto alikuwa akishika jometri mikononi mwake bila kujua jina lake.

Lakini vitu hivi havikuwa bubu. Fröbel aliamini kwamba mkono, jicho na sikio yafaa vifundishwe pamoja. Mpira wa sufu ulifungwa uzi, mama akauning'iniza mbele ya mtoto, akauchezesha huku akiimba maneno mafupi yanayofuata mwendo wake: juu, chini, huku, kule, umekuja, umekwenda. Mtoto aliona mwendo, akasikia neno lake katika sauti inayopanda na kushuka pamoja nao, kisha akajaribu kuliimba mwenyewe. Hivyo akapata maneno ya mahali na ya wakati, maneno ambayo mwalimu hawezi kuyaonyesha kwa kidole. Mpira ukifichwa, wimbo ulinyamaza. Ukitokea, wimbo ulirudi. Katika mchezo huo mdogo mtoto alijifunza kwamba kitu kisichoonekana hakijapotea.

Mke wake, Wilhelmine, aliyevumilia naye taabu nyingi tangu mwaka 1818, alifariki mwaka 1839. Mzee aliendelea na kazi. Kwa muda mrefu alitafuta jina la nyumba yake ya watoto, kwa maana hakutaka iitwe shule. Siku moja alikuwa akivuka milima kutoka Keilhau kwenda Blankenburg pamoja na rafiki zake. Alipoliona bonde limetandaa mbele yake katika mwanga wa jua, jina likamjia, akalitamka kwa furaha: Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Tarehe 28 Juni 1840 bustani hiyo ilizinduliwa rasmi. Maana ya jina iko wazi. Mkulima hauvuti mche ili urefuke upesi. Huupalilia, huumwagilia maji, huukinga na wanyama, na mche hukua wenyewe.

Sasa nafika kwenye kitabu kilichonifanya nione haya kwa kicheko changu. Mwaka 1844 Fröbel alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya mama na mtoto. Mashairi aliyatunga yeye, muziki uliandikwa na Robert Kohl, na picha zilichorwa na Friedrich Unger. Asili yake si chumba cha mtaalamu. Kwa miaka mingi Fröbel alikuwa akiwatazama akina mama wanavyowarusha watoto magotini, wanavyowahesabia vidole na kuwabembeleza kwa nyimbo walizorithi kwa bibi zao. Aliona kwamba mama hufanya hivyo kwa mapenzi tu, wala hajui kuwa anafundisha. Yeye akataka kumwonyesha mama hekima iliyomo katika kazi ya mikono yake.

Nitataja michezo michache. Katika mmoja, mtoto huinua mkono na kuugeuza huku na huku kama jogoo wa bati anayewekwa juu ya paa kuonyesha upepo. Wimbo humfuatisha. Mtoto huuliza ni nani anayemgeuza jogoo, na mama humweleza habari za upepo, kitu ambacho macho hayakioni ila kazi yake yaonekana. Katika mwingine, mtoto hupiga makofi kama mwokaji anayekanda mkate. Lakini wimbo na mazungumzo yake hayakomi kwa mwokaji; yanarudi nyuma kwa msagaji wa unga, kwa mkulima, kwa mvua na jua, mpaka mtoto anajua kwamba kipande cha mkate mkononi mwake kimepita katika mikono ya watu wengi. Upo mchezo wa nyumba ya njiwa: viganja hufunguka, vidole huruka kama njiwa kwenda mashambani, jioni hurudi, na mtoto husimulia aliyoyaona siku ile. Upo wa saa, ambamo mkono hutikiswa kwa mwendo ule ule usioharakisha wala kuchelewa. Upo na mchezo wa kinanda cha vidole, ambamo vidole vya mkono mmoja huwa ndizo funguo za kinanda, mkono wa pili huvipiga, na sauti hupanda na kushuka kadiri kidole kinavyobadilika. Mtoto asiyekuwa na kinanda nyumbani alikuwa na kinanda mwilini.

Watoto walipokuwa pamoja waliimba katika duara. Fröbel alipenda duara kwa sababu halina mwanzo wala mwisho, na hakuna aliyeketi nyuma. Kila mtoto aliwaona wote na wote wakamwona. Aliyekuwa mwoga alisogezwa na wimbo, na aliyependa kujitanguliza alisubiri zamu yake, maana asipofuata mapigo wimbo wote ungevurugika. Hata adabu, basi, walijifunza kwa sikio kabla ya kuhubiriwa.

Si haki nimsifu bila kusema upungufu wake. Mashairi yake mengi yalikuwa magumu na mazito, na baadhi ya tuni hazikufaa koo za watoto, hata baadaye huko Marekani nyimbo zile zilitafsiriwa upya na kutiwa tuni nyingine. Aliandika kwa mafumbo ambayo mama wa kijijini hakuweza kuyafahamu. Tena baada yake walitokea wafuasi walioshika zawadi na nyimbo kama amri za jeshi, kila mtoto ageuze mchemraba wake kwa dakika ile ile. Hao waliishika herufi wakaitupa roho. Mwenyewe alikuwa akipiga magoti sakafuni, akikimbia na watoto, akibadili mchezo wake kadiri alivyoona nyuso zao.

Jambo jingine kubwa alilolifanya ni kuwafundisha wanawake vijana kazi ya ualimu wa watoto wadogo. Katika siku zile ualimu ulikuwa zaidi kazi ya wanaume, na wengi walimcheka kwa jambo hilo pia. Lakini yeye alishikilia kwamba kazi hii yataka mafunzo kama kazi nyingine za elimu. Wanafunzi wake wakatawanyika katika miji mbalimbali wakafungua bustani zao.

Mwaka 1849 alihamia karibu na Bad Liebenstein, mahali ambapo wakubwa walikwenda kuoga katika maji ya tiba. Wageni walimwona mzee mrefu mwembamba, nywele nyeupe zimefika mabegani, akiruka na kuimba uwanjani na watoto wa wakulima peku peku. Wenyeji wakamwita mjinga mzee. Mama mmoja wa ukoo mkubwa, Bertha von Marenholtz-Bülow, alisikia kejeli ile akataka kumwona huyo mjinga. Alimtazama, akazungumza naye, akaondoka akiwa mwanafunzi wake. Ndiye aliyekuja kuyapeleka mafundisho yake katika nchi nyingi za Ulaya. Mwezi wa Agosti 1850 watoto mamia kutoka vijiji vya jirani walikusanyika penye ngome ya Altenstein kwa sikukuu ya michezo, wakaja kwa maandamano wakiimba, wakacheza katika maduara makubwa mbele ya wazazi wao. Nadhani hiyo ilikuwa siku yake ya furaha kuliko zote.

Furaha hiyo haikudumu. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalikuwa yamewatia hofu watawala, na kila jambo jipya lilionekana kuwa njama. Tarehe 7 Agosti 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani zote za watoto, ikidai kwamba zinawafundisha watoto kumkana Mungu na kuipindua nchi. Chanzo kimoja cha amri hiyo kilikuwa kuchanganya majina: mpwa wake Karl Fröbel alikuwa ameandika kijitabu chenye fikira za siasa, na wizara ikafanya kana kwamba mwandishi na mzee yule ni kitu kimoja. Mzee alieleza kosa hilo, akaandika barua hata kwa mfalme. Amri haikutanguliwa. Fikirini, wasomaji, dola yenye majeshi na mizinga iliogopa watoto wa miaka minne wanaoimba wameshikana mikono.

Mwaka ule ule alikuwa amemwoa Luise Levin, mwalimu aliyefunzwa naye, ambaye aliendeleza kazi yake kwa miaka mingi baada ya kifo chake. Tarehe 21 Aprili 1852 alipotimiza miaka 70, watoto na wanafunzi walimwamsha kwa nyimbo. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Juni, alifariki huko Marienthal, marufuku ikiwa bado inatumika. Alizikwa katika kijiji cha Schweina. Juu ya kaburi lake pamesimamishwa mchemraba, mcheduara na tufe la jiwe, zile zawadi zake za watoto.

Marufuku iliondolewa mwaka 1860, yeye akiwa na miaka minane kaburini. Lakini mbegu zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka. Mwaka 1856 Margarethe Schurz alifungua bustani ya watoto katika mji wa Watertown huko Marekani, akiwafundisha kwa Kijerumani. Mwaka 1860 Elizabeth Peabody alifungua nyingine Boston kwa Kiingereza. Mwaka 1876 Japani ilifungua ya kwanza jijini Tokyo. Leo watoto wa nchi nyingi wanaopelekwa shule za chekechea na madarasa ya awali, wakaimba katika duara na kuhesabu vidole, wanamfuata mzee yule bila kumjua jina.

Baada ya kusoma haya nilikumbuka upya asubuhi ile mlangoni mwa darasa la shangazi. Wale watoto waliopiga makofi mawili kwa neno mtu walikuwa wamekwisha kusikia kwamba herufi m hapo husimama peke yake, jambo ambalo wengine hulikosea wanapoanza kuandika. Aliyeweza kutofautisha kwa sikio mchi na kengele ataweza kutofautisha pa na ba. Aliyengoja zamu yake katika wimbo ataweza kungoja zamu yake katika mazungumzo. Kalamu itakuja, nayo itakuta sikio liko tayari. Wazazi wetu hawana ubaya; wanataka watoto wao wajue kusoma, na hilo ndilo atakalo shangazi pia. Tofauti ni kwamba wao wanatazama daftari, na yeye anatazama mtoto.

Nimemwandikia shangazi barua ya kumwomba radhi, nikamsimulia habari za mzee Fröbel. Amenijibu kwamba radhi amenipa, na kwamba watoto sasa wanatunga nyimbo zao wenyewe. Mwisho wa mwaka wazazi watakutana tena kuamua. Nimemwomba baba aniruhusu nihudhurie kwa niaba yake mara ya pili, na safari hii nitaomba nafasi ya kusema.

Nanyi wenzangu, wengi wetu tutakuwa wazazi, na baadhi yetu walimu. Mkimwona mtu mzima anaimba na watoto wadogo, msiharakishe kucheka kama nilivyocheka mimi. Simameni mlangoni kidogo, msikilize. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi yake huanza kabla hajajua kushika kalamu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano